Kovu la shavu la kushoto: kabaila wa Kijerumani aliyechorwa tangu ana miaka 6 mpaka kifungoni

Fundi Picha

Wakuu, heshima kwenu.

Wanaonifahamu humu wanajua mkate wangu unatoka wapi: studio ya picha, Morogoro, mwaka wa 19 huu. Picha za pasipoti, harusi, kipaimara, picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Na kwa kuwa siku hizi kila kitu ni kompyuta, nusu ya siku yangu inaishia kufuta vitu kwenye nyuso za watu. Chunusi, mvi, weusi chini ya macho, makovu. Mteja hajafungua mdomo, mkono umeshafuta.

Wiki iliyopita akaja mzee mmoja anayegombea uenyekiti wa ushirika wao. Ana kovu limeanzia chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Nikapiga, nikafuta, nikamgeuzia skrini nikisubiri asante. Akainama, akaangalia, akaniuliza, "Huyu nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Rudisha bwana. Watu wananijua kwa hilo."

Usiku nikawa nazunguka mtandaoni nikitafuta nyuso za zamani zenye makovu, maana jambo lile lilinikaa. Nikaangukia kwa Mjerumani mmoja aliyekufa mwaka 1554. Johann Friedrich, mtawala wa Saksonia. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Huyu bwana alichorwa na mchoraji yuleyule tangu utotoni. Mchoraji anaitwa Lucas Cranach, Cranach mzee, maana mwanawe naye alikuwa Lucas na naye alichora. Mzee Cranach alizaliwa 1472 katika mji wa Kronach, na mwaka 1505 akaitwa Wittenberg kuwa mchoraji wa ikulu ya watawala wa Saksonia. Aliwatumikia watatu mfululizo: Friedrich, kisha mdogo wake Johann, kisha mtoto wa Johann, ambaye ndiye huyu wetu.

Picha ya kwanza ni ya 1509, iko National Gallery, London. Ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, zinafunguka na kufungika kama kitabu. Kila ubao una urefu wa kama sentimita 42, kitu cha kubeba kwapani. Upande mmoja baba, upande wa pili mtoto.

Itafuteni mwone mwanga wa rangi. Baba amevaa nguo nyeusi na nyuma yake kijani kitupu. Mtoto amevaa kijani na nyekundu, kofia ya manyoya, vito shingoni, na nyuma yake weusi mtupu. Rangi ya nyuma ya baba imehamia kwenye koti la mtoto, na nguo ya baba imekuwa giza la nyuma ya mtoto. Mimi nimepanga mapazia ya studio miaka 19 na sijawahi kuwaza hilo.

Halafu mjue kilichokosekana. Mbao mbili kama hizi kwa kawaida ni mume na mke. Hapa mke hayupo. Sophie wa Mecklenburg alijifungua mtoto huyu tarehe 30 Juni 1503, na tarehe 12 Julai akafariki. Baba akakaa mjane mpaka 1513. Kwa hiyo mahali pa mama amekaa mtoto, miaka 6, mashavu yamejaa, anajitahidi kuwa mkubwa.

Naenda kufungua duka, nitaendelea jioni.

Kasuku Mweusi

Naweka kiti mbele kabisa. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wako wa kamera za Kirusi.

Mgosi wa Tambarare

Nimeifungua picha ya mtoto. Hako katoto kamekaa kama kamepewa urithi wa viwanja vyote vya mji. Ila macho yanasema kanataka kwenda kucheza.

Binti Mwambao

Mashaallah, uzi wa maana umepatikana. Kaka yangu Fundi, lakini tuwekane sawa: "mtawala wa Saksonia" ndiyo nini? Duki? Mfalme? Mimi hivi vyeo vya Wazungu huvipoteza.

Fundi Picha

Dada Binti, swali zuri, na bila jibu lake hadithi nzima haisimami.

Wakati huo Ujerumani si nchi moja. Ni mamia ya watawala wakubwa kwa wadogo, juu yao kuna Kaisari. Na Kaisari hakurithi kiti moja kwa moja. Alichaguliwa na watu saba tu. Maaskofu wakuu watatu na watawala wanne wa kidunia. Utaratibu huo uliandikwa 1356. Mwenye kura aliitwa Kurfürst. Mtawala wa Saksonia alikuwa mmoja wa hao saba, na alama yake ni panga mbili zilizopishana.

Ukoo wenyewe ulikuwa umegawana mali mwaka 1485, ndugu wawili, Ernst na Albrecht. Cheo cha kura kikabaki kwa Ernst. Wajukuu wa Albrecht wakakaa upande wa pili wanakimezea mate. Kumbukeni hilo, litarudi.

Sasa picha ya pili. 1526, iko Weimar. Johann Friedrich ni kijana wa miaka 23, ndevu zimeanza kujaa, anachorwa kama bwana harusi, na mchumba wake Sibylle wa Cleve kwenye ubao wake. Nywele za Sibylle zimeachiwa mgongoni, rangi ya shaba, na taji la harusi kichwani. Walioana 1527. Huyu Sibylle ndiye dada mkubwa wa yule Anne aliyeolewa na Henry VIII wa Uingereza mwaka 1540 na kuachwa miezi michache baadaye.

Mgosi wa Tambarare

Yule aliyechaguliwa kwa picha??

Fundi Picha

Huyohuyo. Henry alimtuma mchoraji wake, Holbein, akamchore bibi kabla posa haijakamilika. Picha ipo Louvre. Bwana alipomwona bibi mwenyewe akadai havutiwi naye. Mimi kama mtu wa studio namwonea huruma Holbein. Tumeshalaumiwa sana kwa mambo ya namna hiyo.

Lakini tusitoke nje ya barabara. Nilichotaka mkione ni kilichotokea 1532. Johann, baba mtu, akafa mwezi Agosti. Kijana akakaa kitini. Na moja ya mambo ya mwanzo aliyofanya ni kumwagiza Cranach picha za marehemu wawili: ami yake Friedrich, aliyekufa 1525, na baba yake. Alitaka pea ngapi? Pea 60. Mbao 120 ndogondogo, na chini ya kila sura kumebandikwa karatasi iliyochapwa, mashairi ya kuwasifu. Mwaka 1533 Cranach akalipwa gulden 109 na groschen 14, sarafu za huko za wakati ule. Pigeni hesabu, haifiki hata gulden moja kwa ubao.

Kasuku Mweusi

Mkuu hiyo si sanaa, hiyo ni kalenda ya chama.

Fundi Picha

Ndipo ninapokuja! Nani humu hajawahi kuingia duka la mtu, mashine ya unga, ofisi ya kijiji, na juu ya kaunta imetundikwa picha ya rais kwenye fremu? Mimi nimeziuza hizo fremu. Anapoingia mpya unapata oda ndani ya wiki. Sura ileile, suti ileile, tabasamu lileile, nchi nzima.

Cranach alifanya hivyohivyo miaka 490 iliyopita. Alikuwa anachora uso mmoja vizuri, wa mtu aliye hai mbele yake, kwenye karatasi kwa rangi ya mafuta. Nyingine za karatasi hizo bado zipo, kwenye makumbusho ya Reims, Ufaransa: kichwa kimekamilika, mabega yameachwa mistari tu. Karatasi inabaki karakanani. Ikija oda, vijana wanahamisha uso kwenye ubao, wanaongeza nguo kulingana na malipo. Mwenye sura harudi tena kukaa.

Kwa hiyo ukiona picha 10 za Friedrich mwenye ndevu zilizogawanyika na kofia nyeusi, umeona uso mmoja mara 10.

Mzee Kobelo

Vijana, shikamooni hamuitikii lakini nasalimia hivyohivyo.

Nimefundisha historia sekondari kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, naomba niongeze jambo Fundi amelipita haraka. Pea 60 zile hazikuwa mapenzi ya mtoto kwa baba tu. Mwaka 1531 Kaisari Charles wa 5 alimfanya mdogo wake Ferdinand achaguliwe mfalme, na Saksonia ikapinga uchaguzi ule. Mwaka huohuo watawala wa Kiprotestanti wakaunda umoja wa kujihami, Umoja wa Schmalkalden, na Saksonia ndiyo nguzo. Kijana anapoingia kitini 1532, Kaisari hamthibitishi rasmi mpaka 1535. Sasa wewe ni mtawala mpya, mkubwa wako hajakutambua. Unafanya nini? Unawatumia watu picha za wazee wako wawili, waliokuwa na cheo hicho bila ubishi. Na wewe unaonekana wa tatu bila kusema neno.

Kuna kazi nyingine ya Cranach ya kama 1535, ipo Hamburg, mbao tatu pamoja: Friedrich, Johann, Johann Friedrich. Hapo hata asiyejua kusoma anaelewa.

Fundi Picha

Marahaba... yaani shikamoo mzee Kobelo! Umenifungua. Nilikuwa naona biashara, wewe umeona mirathi.

Binti Mwambao

Mzee wetu, shikamoo. Basi mimi naona mchoraji huyu ni mpambe tu. Tunamsifia kwa lipi? Alikuwa anatumika.

Jirani wa Elbe

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Ujerumani mashariki mwaka wa saba, napita Wittenberg mara kwa mara kwa shughuli zangu. Dada Binti, "mpambe" ni neno dogo kwa mtu yule. Cranach alikuwa na duka la dawa tangu 1520, kibali cha kuuza mvinyo, mtambo wa kuchapa vitabu, na akawa meya wa mji zaidi ya kipindi kimoja. Alikuwa miongoni mwa matajiri wa kwanza wa Wittenberg. Alishuhudia ndoa ya Martin Luther 1525. Sura ya Luther tunayoijua sote ni ya kwake, na ilitoka karakanani kwa mtindo uleule.

Pia nimeona wengi wanauliza kazi zake zinatambulikaje. Tafuteni nyoka mdogo mwenye mabawa, kichwani taji, mdomoni pete. Ndiyo nembo aliyopewa na Friedrich mwaka 1508 akaifanya saini. Mpaka 1537 mabawa yamesimama kama ya popo. Baada ya hapo yamelala kama ya ndege. Mwaka huo mwanawe Hans alifia Bologna, Italia, alikokwenda safari. Wapo wanaoyaunganisha hayo mawili. Mimi kila nikiona mabawa yaliyolala huwa nanyamaza kidogo.

Ila saini ya nyoka haimaanishi mzee mwenyewe ameshika brashi. Ni alama ya karakana, kama muhuri wa kiwanda.

Kasuku Mweusi

Fundi lete kovu. Tumekaa tangu jana tunangoja kovu.

Fundi Picha

Kovu linakuja, nilikuwa na sendoff mbili jana.

Tarehe 24 Aprili 1547, Jumapili, Mühlberg, kando ya mto Elbe. Kaisari amekuja na jeshi kuuvunja ule Umoja. Johann Friedrich yuko ng'ambo ya mto, anajua maji yanamlinda. Asubuhi ukungu mzito. Inasimuliwa yeye alikuwa ibadani. Wahispania wakajitosa majini, panga wameziuma kwa meno, wakateka mashua za daraja. Na inasimuliwa tena kwamba mkulima mmoja, aliyenyang'anywa farasi na askari wa Saksonia, ndiye aliyewaonyesha watu wa Kaisari mahali pa kuvukia kwa miguu. Hapo mjue thamani ya farasi wa mkulima.

Jioni ilishakwisha. Johann Friedrich alikuwa mnene sana, mtu wa kilo nyingi ndani ya vazi la chuma juu ya farasi mkubwa, hakufika mbali. Walimkamatia msituni, amekatwa upanga kwenye shavu la kushoto, damu usoni. Akaletwa kwa Kaisari hivyohivyo.

Mwezi Mei akahukumiwa kifo. Masimulizi yanasema hukumu ilimkuta anacheza sataranji na mfungwa mwenzake. Akasikiliza, kisha akasema mchezo uendelee. Huku mke wake Sibylle yuko Wittenberg, mji umezingirwa. Tarehe 19 Mei akatia saini: maisha yake yabaki, mji ujisalimishe, cheo cha kura kiende kwa Moritz.

Moritz ni nani? Mjukuu wa yule Albrecht wa 1485. Baba zao ni watoto wa ndugu. Kwa hesabu ya kizungu ni ukoo wa mbali. Kwa hesabu ya kwetu, baba zao ni ndugu, basi na wao ni ndugu. Alikuwa Mprotestanti na yeye, lakini alipigana upande wa Kaisari. Watu wakampa jina la Yuda wa Meissen, yaani msaliti wa Meissen, eneo la tawi lake.

Mgosi wa Tambarare

Mali ya ukoo hiyo. Kwetu Lushoto shamba la kahawa tu limewatenga watu miaka 30, sembuse kiti cha kumchagua Kaisari.

Jirani wa Elbe

Nichomeke hapa kimoja kitamu. Wakati Kaisari amepiga kambi nje ya Wittenberg, alimwita mzee Cranach. Mzee ana miaka 75. Habari hii iliandikwa 1556 na mtu aliyekuwa mwalimu nyumbani kwa Cranach, kwa hiyo ipokeeni kama habari ya nyumbani. Kaisari akamkumbusha kwamba Cranach aliwahi kumchora yeye akiwa mtoto wa miaka 8, akamuuliza nilikuwa mtoto wa namna gani? Mzee akamwambia: hukutulia. Mpaka mwalimu wako alipotundika silaha ukutani, ukaikazia macho, ndipo nikachora. Kaisari akafurahi. Mzee akapiga magoti palepale akamwombea bwana wake.

Mzee Kobelo

Na huyo ndiye dada Binti anamwita mpambe.

Binti Mwambao

Mzee, nimerudi nyuma hatua moja. Moja tu.

Fundi Picha

Sasa fungueni picha mbili kwa pamoja, ubavu kwa ubavu.

Ya kwanza: Titian, mchoraji wa Venice, aliyeitwa na Kaisari kwenda Augsburg mwaka 1548. Charles juu ya farasi, Mühlberg, ipo Prado, Madrid. Ni kubwa kuliko ukuta wangu wa studio, zaidi ya mita tatu kwenda juu. Vazi la chuma linang'aa, mkuki mkononi, jua linazama. Adui hayumo. Hakuna maiti, hakuna damu. Na Charles wakati ule alikuwa anasumbuliwa na jongo, maumivu ya viungo; kwenye picha huoni.

Ya pili: Titian huyohuyo, Johann Friedrich, ipo Vienna. Mfungwa. Amekaa. Hakuna farasi, hakuna mkuki, hakuna panga mbili. Mwili umejaa fremu kutoka upande hadi upande, koti zito la manyoya, mikono midogo kwa mwili ule. Uso haugombani na mtu. Na kwenye shavu la kushoto, ambalo kwa mtazamaji ni mkono wa kulia, kovu.

Mimi kazi yangu ni taa. Angalieni mwanga umetua wapi. Titian angeweza kumgeuza kidogo tu, shavu lile likaingia kivulini, na hakuna ambaye angemlaumu. Sisi tunafanya hivyo kila siku: "geuka kidogo mama, hapohapo." Hakumgeuza.

Nami nasema hivi, mnipinge. Alipokuwa na cheo, sura yake ilikuwa ya karakana. Vijana waliihamisha kutoka kwenye karatasi, nyingi zinafanana mpaka unachoka. Alipopoteza kila kitu ndipo akapata uso wake. Aliyeshika mpini ameachiwa picha ya farasi. Aliyeshika makali ndiye unayemkumbuka.

Binti Mwambao

Nakupinga, kaka yangu, na sasa nimejiandaa.

Umesema Titian aliitwa na nani? Na Kaisari. Mfungwa yule alikuwa kwenye mikono ya nani? Ya Kaisari. Basi kovu lile aliyetaka lionekane huenda ni mshindi: tazameni nilivyomkata. Kama mwindaji anavyotundika pembe sebuleni. Wewe umeona utu, mimi naona nyara.

Kasuku Mweusi

Aisee.

Fundi Picha

Nimekaa na hilo swali tangu mchana, dada. Kwa picha ya Titian, sina la kukujibu, linaweza kuwa nyara.

Lakini je, picha za Cranach? Maana mwaka 1550 mzee, miaka 78, aliacha Wittenberg, duka la dawa, nyumba, kila kitu, akamfuata bwana wake kifungoni Augsburg. Akakaa naye, akachora naye. Na sura za Johann Friedrich zilizotoka kwa hao Cranach, mzee na mwana, baada ya vita zina kovu. Zile hazikuagizwa na Kaisari. Zilikwenda kwa watu wake, walioshindwa naye.

Mzee Kobelo

Hapo Fundi ana hoja, na Binti ana hoja. Kitu kimoja, pande mbili. Mwaka 1548 Kaisari alitoa amri ya kidini ya mpito, Waprotestanti warudi nyuma kwenye mambo kadhaa. Wengi waliinama. Mfungwa huyu alikataa, akiwa ndani ya mkono wa Kaisari, mpaka wakamnyang'anya vitabu vyake. Kuanzia hapo kovu lile kwa watu wake likawa kama la shahidi wa imani. Kwa Kaisari ni alama ya kushindwa, kwao ni alama ya kutoyumba. Nyundo moja, mmoja anavunjia, mwingine anajengea.

Kwa hiyo, Fundi, usiseme sura hii haikuwa siasa. Ilikuwa siasa kuliko zile pea 60.

Fundi Picha

Nakubali mzee. Mteja wangu wa ushirika na yeye hakuwa anakataa siasa. Alikuwa anagombea.

Mgosi wa Tambarare

Hahaha, umejifunga mwenyewe Fundi.

Ila kitu kingine: Titian na Cranach wote wawili Augsburg wakati mmoja? Walikutana?

Jirani wa Elbe

Titian alirudi Augsburg 1550 mpaka 1551, na Cranach alikuwa hapo. Katika hesabu za Cranach za kipindi hicho imetajwa picha ya Titian aliyoichora yeye. Picha yenyewe imepotea. Mzee wa miaka 78 anamchora mshindani wake anayelipwa na aliyemfunga bwana wake. Ningetoa mshahara wa mwezi kuiona.

Kasuku Mweusi

Mwisho ikawaje? Alifia humohumo?

Fundi Picha

Hapana. 1552 Moritz, yule ndugu, akamgeuka Kaisari aliyempa cheo. Kaisari akamwachia Johann Friedrich. Akarudi kwake, Weimar, na Cranach pamoja naye. Cheo cha kura hakikurudi kamwe, kilibaki kwa tawi la Moritz. Moritz mwenyewe alikufa kwa majeraha ya vita Julai 1553. Cranach akafa Oktoba 1553. Sibylle akafa Februari 1554, na Johann Friedrich akamfuata tarehe 3 Machi, siku 10 tu baadaye. Ndani ya miezi tisa wote wameondoka.

Jirani wa Elbe

Wakuu, leo Jumamosi nimepanda treni mpaka Weimar kwa sababu ya uzi huu. Mke wangu ananiona nimechanganyikiwa.

Nimeingia kanisa la Petro na Paulo. Mbele kuna picha ya madhabahu, kubwa, ilianzwa na Cranach mzee ikamaliziwa na mwanawe 1555. Ubawa wa kushoto wamepiga magoti Johann Friedrich na Sibylle. Kulia wana wao. Katikati msalaba, na chini yake, pembeni ya Luther, amesimama mzee mwenye ndevu nyeupe: Cranach mwenyewe. Damu inatoka ubavuni mwa Kristo, mstari mwembamba kama uzi, inapita hewani inatua moja kwa moja juu ya kichwa cha mchoraji. Haitui kwa mtawala. Kwa mchoraji! Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Mtawala yuko pembeni, mnene vilevile, mikono ameikutanisha. Hana kofia yenye manyoya, hana kijani cha utotoni.

Halafu jiwe la kaburi la Cranach limo humo kanisani, lile la makaburini ni nakala. Limeandikwa Kilatini kwamba alikuwa mchoraji mwepesi kuliko wote. *Celerrimus.* Kuna wanaosema mchonga mawe aliruka herufi, walitaka kuandika *celeberrimus*, yaani mashuhuri kuliko wote.

Binti Mwambao

Pea 60 kwa gulden 109? Mchonga mawe hakukosea.

Mzee Kobelo

Hahaha. Binti amefunga hesabu.

Fundi Picha

Jirani, asante sana, mwambie shemeji samahani yetu sote.

Neno hilo la wepesi naliandika mlangoni Jumatatu, na fundi wangu wa mabango akikosea herufi sitamdai. Yule mzee wa ushirika amekuja leo kuchukua picha zake, nakala 40. Kovu lipo. Nilimpigia upande wa dirisha, bila taa ya pili.

Kasuku Mweusi

Na amelipa?

Fundi Picha

Nusu.